Bei ya shaba hurudi, vyombo vya fundi havirudi: uchumi wa Kongo ukianguka utainuka kwa kasi gani?

Mwezi wa Julai 2008 tani moja ya shaba iliuzwa katika soko la metali la London kwa karibu dola 8,900. Ilipofika Desemba ya mwaka huohuo, bei ilikuwa imeteremka chini ya dola 3,000. Sisi tuliokuwa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hatukuhitaji kusoma kurasa za biashara ili tujue. Malori yaliyozoea kupanga foleni kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yalipungua, tanuru ndogo za kuyeyushia mawe zilizokuwa zimeota kando ya barabara ya Likasi zikazimwa moja baada ya nyingine, na vijana waliokuwa wakichimba kwa mikono wakarudi mjini wakiwa hawana kitu. Wengi walisema kwa uhakika kwamba miaka ya 1990 imerudi. Haikurudi. Mwisho wa 2009 shaba ilikuwa imepita tena dola 7,000, mwisho wa 2010 ikapita 9,000, na pato la taifa, ambalo mwaka 2009 lilikuwa limekua kwa chini ya asilimia 3, likakua kwa karibu asilimia 7 mwaka uliofuata.

Anguko la miaka ya 1990, lile ambalo wazee wa Kamalondo na Katuba, komini za mji wetu, walilikumbuka kwa hofu mwaka 2008, lilikuwa na mwendo mwingine kabisa. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka, na kufikia mwaka 1993 kampuni hiyohiyo ilikuwa ikitoa karibu tani 50,000 tu. Pato la taifa lilipungua kila mwaka kuanzia 1990 hadi 2001, isipokuwa 1995 lilipoongezeka kidogo mno, hata likabaki karibu nusu ya lilivyokuwa. Ukuaji ulirudi mwaka 2002. Kiasi cha shaba cha 1986 hakikupitwa hadi miaka ya 2011 na 2012, na pato la nchi nzima lilifikia tena kimo cha 1989 karibu mwaka 2013, wakati watu wa kugawana pato hilo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara mbili. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule Kamoto ilipoporomoka alikuwa na miaka 23, pengine na yeye ameshapata watoto, kabla nchi haijarudi pale ilipokuwa siku alipozaliwa.

Nchi ni ileile, mawe ni yaleyale, na sehemu kubwa ya watu ni walewale. Tena anguko la 2008 lilikuwa la ghafla na la kutisha kuliko la 1990, ambalo lilianza polepole. Hata hivyo moja lilipona kwa mwaka mmoja na nusu, na jingine kwa zaidi ya miaka 20. Ndiyo maana kila bei ya shaba au ya kobalti inapoyumba na watu kuanza kuulizana uchumi utainuka lini, mimi naona swali hilo limewahi mno. Kabla ya kuuliza lini, tuulize kilichopotea ni nini. Mwaka 2008 tulipoteza bei. Miaka ya 1990 tulipoteza uwezo, yaani vile vitu na wale watu wanaofanya kazi iwezekane: pampu inayotoa maji mgodini, reli, umeme, fundi anayeijua mashine yake kwa kusikia mlio wake, benki ambayo mtu anaweka fedha zake akiwa na hakika ya kuzikuta, na noti ambayo mwuzaji anaweza kulala nayo bila hofu. Bei ikirudi hukuta kila kitu mahali pake na kazi huanza wiki hiyohiyo. Uwezo ukipotea, hata bei ikipanda mara mbili hakuna wa kuipokea.

Uwezo wetu haukupotea siku moja ya Septemba 1990. Ulianza kuliwa mapema zaidi. Novemba 1973 serikali ilitangaza kuwapa raia biashara na mashamba ya wageni, na maduka mengi yakafa mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuagiza hata katoni moja ya sabuni. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, iliyokuwa njia fupi ya kupeleka madini yetu baharini Lobito. Tangu hapo fedha za kigeni za Gécamines zilikuwa zikichukuliwa kulipa madeni na matumizi ya Kinshasa, huku maombi ya vipuri yakirundikana ofisini. Mgodi hauporomoki kwa sababu bei imeshuka. Huporomoka kwa sababu nguzo hazikuimarishwa, na nguzo hazikuimarishwa kwa sababu fedha za kuziimarisha zilikuwa zimetumika kwingine miaka mingi kabla.

Baada ya mgodi ikafuata fedha yenyewe. Uporaji wa Septemba 1991 ulianzia Kinshasa kwa askari wasiolipwa, na mwezi uliofuata ulikuwa umefika hapa Lubumbashi. Oktoba 1993 ikaletwa sarafu ya zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani, na watu wa Kasai wakaikataa wakaendelea na noti zao kuukuu. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulihesabiwa kwa maelfu ya asilimia. Ni tangu wakati huo dola ilipoingia katika kodi ya nyumba, katika ada ya shule na katika mahari, na haijatoka mpaka leo. Nasema hivi kwa sababu wachumi wengi huitaja imani katika fedha kana kwamba ni hali ya moyo inayoweza kubadilishwa kwa hotuba. Ni uwezo kama reli ilivyo uwezo. Sisi tuliipoteza zaidi ya miaka 30 iliyopita na bado hatujaijenga.

Kuna hasara nyingine ya miaka ile ambayo katika mji huu huzungumzwa kwa sauti ya chini, nami sitaiacha. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, eneo letu hili la migodi. Walikaa wiki nyingi kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakisubiri mabehewa, na wengine walikufa hapohapo. Miongoni mwao walikuwa mafundi, walimu, makarani na madereva wa treni ambao kampuni na shirika la reli ziliwategemea. Dhambi ya jambo lile inajulikana, na inatosha yenyewe. Ninachoongeza ni kwamba mji uliowafukuza ulijikata mkono wake wa kazi, na takwimu za uzalishaji za miaka iliyofuata zinalibeba jambo hilo ndani yake ingawa hakuna safu yake katika jedwali lolote.

Kwa kulinganisha, tazama mwaka 2025. Mwezi Mei mtikisiko wa ardhi ulitokea katika mgodi wa chini wa Kakula, ndani ya eneo la Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, na maji yakaingia. Kampuni ilishusha makadirio yake ya mwaka kutoka tani kati ya 520,000 na 580,000 hadi tani kati ya 370,000 na 420,000. Ni pigo zito, tena la uwezo, la aina ileile ya Kamoto. Lakini pampu kubwa ziliagizwa, mpango wa kuondoa maji ukawekwa hadharani kwa wenye hisa, na kazi ikaendelea katika sehemu zilizobaki salama. Tofauti kati ya Kamoto na Kakula haikuwa katika mwamba. Kamoto iliporomoka mikononi mwa mwenye mali aliyekuwa ameshamaliza akiba yake, na Kakula ilijaa maji mikononi mwa mwenye mali aliyekuwa nayo. Kwa hiyo upande wa makampuni makubwa, sina wasiwasi mwingi. Bei ikianguka kesho, yatapunguza watu, yatasimamisha miradi, yatasubiri, kisha yatarudi. Ndivyo ilivyokuwa KCC (Kamoto Copper Company) iliposimamisha uzalishaji Septemba 2015 kwa sababu ya bei ndogo: ilitumia muda ule kujenga mitambo mipya, na ikaanza tena mwisho wa 2017.

Wasiwasi wangu uko kwa wale wasioweza kusubiri.

Katika kartie yetu, komini ya Katuba, kulikuwa na fundi wa kuchomea vyuma, sudere kama tunavyowaita hapa. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja kidogo cha kuyeyusha mawe ambacho kilifungwa Novemba 2008 bila malipo ya mwezi wa mwisho. Alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kuchomelea, aliyoinunua kwa mikopo miwili, yenye waya mrefu ambao alikuwa ameuzungushia mpira mweusi wa baiskeli mahali palipochubuka. Jioni aliiweka chini ya kitanda, akaifunika kwa kipande cha zulia. Desemba aliuza televisheni. Februari binti yake wa kwanza, aliyekuwa darasa la nne la sekondari, alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Machi waliacha kula mara mbili kwa siku. Juni 2009 aliiuza mashine kwa mtu aliyeivusha mpaka na kwenda nayo Zambia, na nilimwona yeye mwenyewe akiikunja ile waya kwa uangalifu, duara juu ya duara, kana kwamba bado ilikuwa yake.

Juni 2009 shaba ilikuwa imekwisha kurudi dola 5,000 kwa tani. Huko London kuinuka kulikuwa kumeanza miezi mitano iliyotangulia.

Mwaka 2010 viwanda vilianza kuita watu tena, lakini havikuita kama zamani. Vilitaka mafundi wa kandarasi, watu wanaokuja na vyombo vyao na kulipwa kwa kazi. Yule fundi alikwenda, akaulizwa mashine iko wapi, akarudi. Baadaye alipata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye bohari moja ya saruji. Binti hakurudi shule. Siku moja, nilipomwambia yule fundi kwamba redio imetangaza bei nzuri ya shaba, alinijibu kwa upole: “Bei imerudi, mwalimu. Vyombo vyangu havikurudi.”

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu humo ndimo anguko la bei hugeuka kuwa anguko la uwezo. Mgodi wenye akiba unaweza kuvuka miezi 12 ya bei mbaya bila kuuza pampu zake. Nyumba ya fundi haiwezi kuvuka miezi saba bila kuuza mashine, kiwanja au masomo ya mtoto. Bei ikirudi baada ya miezi saba, mgodi unaipokea na nyumba haiipokei, na takwimu ya taifa, inayojumlisha vyote viwili, inaonyesha mstari unaopanda. Mwaka 2009 Kongo haikuingia hata katika mdororo kwa maana ya wachumi, kwa kuwa pato lilikua, ingawa kidogo. Katanga iliingia. Katuba iliingia zaidi.

Chile, nchi ya shaba kuliko zote, ilipigwa na bei ileile ya 2008. Pato lake lilipungua kwa zaidi ya asilimia moja mwaka 2009, kwa hiyo kwenye karatasi sisi tulifanya vizuri kuliko wao. Lakini katika miaka ya bei nzuri serikali ya Michelle Bachelet, na waziri wake wa fedha Andrés Velasco, walikataa kutumia mapato yote ya shaba, hata wanafunzi na wafanyakazi wakaandamana kuwalaumu kwa ubahili. Mwisho wa 2008 mfuko wao wa kutuliza uchumi ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 20. Januari 2009 walitangaza mpango wa dola bilioni 4 wa kazi za umma, ruzuku ya kuajiri vijana na malipo ya moja kwa moja kwa familia maskini. Mwaka 2010, ingawa tetemeko kubwa la ardhi liliwapata Februari, uchumi wao ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Fundi wa Antofagasta hakulazimika kuuza mashine yake, au angalau serikali yake ilikuwa na kitu cha kumfanya asiiuze.

Sisi, mwanzoni mwa 2009, akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu ya Kongo ilikuwa imebaki ya kulipia siku chache tu za bidhaa kutoka nje. Mwezi Machi Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mkopo wa dharura wa karibu dola milioni 200. Franka, iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban 560 kwa dola katikati ya 2008, ilikaribia 900 mwisho wa 2009.

Msomaji wa nje anaweza kuona kuwa kushuka huko kwa thamani ni dawa, kwa sababu vitabu husema sarafu ikishuka nchi huuza nje kwa urahisi zaidi. Shaba yetu haiuzwi kwa franka. Inayonunuliwa kwa franka ni bunga. Unga wa mahindi tunaopikia bukari, yaani ugali, hapa Lubumbashi hutoka Zambia kwa sehemu kubwa, hulipiwa kwa dola au kwacha pale Kasumbalesa, kisha huuzwa kwa franka katika soko la Kenya, komini ya mji huu. Asubuhi mama anayeuza kwa kopo humtuma mtoto kwa kambisti wa kwenye kona, yule mwenye kibanda cha mwavuli na matofali ya noti juu ya meza, aulize dola iko ngapi, na bei ya kopo hutoka katika jibu hilo. Dola ikipanda saa mbili, kopo linapanda saa tatu. Mwalimu na askari, wanaolipwa kwa franka mshahara uleule wa mwezi uliopita, hupoteza theluthi moja ya chakula chao bila mtu yeyote kutangaza kwamba wamekatwa mshahara.

Kinyume chake hakitokei kwa kasi hiyo. Mwishoni mwa 2025 franka ilipata nguvu ghafla, kutoka zaidi ya 2,800 hadi chini ya 2,500 kwa dola, na kwa wiki nyingi viongozi waliwahimiza wafanyabiashara washushe bei. Wengi hawakuzishusha, na siwezi kuwaita wote wezi. Mwuzaji aliyenunua mzigo wake kwa dola ya ghali anaogopa, na kumbukumbu yote ya maisha yake inamwambia kwamba franka ikipanda ni kwa muda. Hapo ndipo hasara ya 1994 inapoendelea kutugharimu: hata habari njema inapofika sokoni haiaminiki vya kutosha ili ishushe bei ya kopo la bunga.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ilijaribu kuliziba pengo hili. Mrabaha unagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, miji au sekta (maeneo ya utawala ya vijijini) ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Naunga mkono mgawanyo huo. Hata hivyo mfuko wa vizazi vijavyo umekusudiwa siku ambayo mawe yatakwisha, na hatari inayotukabili sisi ni siku ambayo mawe yapo na bei haipo. Asilimia 15 ya maeneo, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na fundi wetu, hutumika mwaka uleule inapopokelewa: shule, zahanati, barabara, na mara nyingine magari. Mwaka wa bei nzuri sekta moja ya jimbo la Lualaba inaweza kupokea fedha kuliko ilivyowahi kuota, na mwaka wa bei mbaya ikashindwa kulipa mlinzi wa zahanati iliyojenga. Kama ningepewa kifungu kimoja tu cha kuongeza katika sheria ile, ningesema kwamba kila eneo liweke pembeni sehemu ya mrabaha wa miaka ya bei juu katika akaunti isiyofunguliwa ila bei ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, na fedha hizo zilipe kazi za mikono na ada za shule kwa miezi 12. Miezi 12 ingetosha. Baada ya anguko la 2008 bei ilikaa chini ya dola 5,000 kwa muda pungufu ya hapo.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulipita bila kutufundisha mengi kuhusu hili. Ukuaji ulishuka hadi karibu asilimia 2, lakini uzalishaji wa shaba uliongezeka, kwa kuwa migodi kadhaa iliwafungia wafanyakazi wake ndani kwa wiki nyingi ili kazi isikatike. Walioanguka walikuwa wa biashara ndogo na wa mpakani.

Kobalti ya 2025 inafundisha zaidi, kwa sababu safari hii bei mbaya tuliikabili kwa uamuzi wetu wenyewe. Kongo hutoa karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia, na migodi ilikuwa imetoa nyingi mno, hata bei ikafika karibu dola 21,000 kwa tani, ndogo kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Februari 22 serikali ilisimamisha uuzaji nje kwa miezi minne, Juni ikaongeza mitatu, na kuanzia Oktoba 16 ikaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Kwa hazina ya taifa huu unaweza kuwa uamuzi mzuri, na nchi yenye robo tatu ya kitu ina haki ya kutokubali bei ya kuokota. Lakini makampuni makubwa huchimba shaba na kobalti pamoja, yakaendelea kuuza shaba na kuweka kobalti ghalani. Mchimbaji wa mikono, mwenye gunia moja, hana ghala. Kwake yeye miezi ile ilikuwa ni 2008 nyingine, na kupanda kwa bei kumemkuta akiwa nje ya viwango.

Nimezungumzia kusini kwa sababu ndiko ninakoishi. Siwezi kumaliza bila kutaja Goma na Bukavu, miji ya mashariki, kwa sababu huko swali la kuinuka haraka lina jibu tofauti, na jibu la wastani wa taifa linaweza kuwadhuru. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na tangu hapo mfanyabiashara mwenye akaunti hulazimika kuvuka mpaka kutafuta fedha zake mwenyewe, huku sokoni zikizunguka noti zilizochakaa ambazo hakuna wa kuzibadilisha. Pamoja na hayo, makadirio ya ukuaji wa taifa kwa 2025 yalibaki karibu asilimia 5, kwa kuwa shaba ya Lualaba na Haut-Katanga iliendelea kutoka. Mtu wa Kinshasa akisoma asilimia hiyo anaweza kudhani hakuna anguko. Pale Bukavu kinachopotea kila mwezi si bei. Ni wateja wa miaka 20, ni madaktari na wahadhiri waliohama, ni madaftari ya mikopo ambayo yakikosa benki ya kuyasoma yanageuka karatasi tu. Ni hasara ya aina ya 1991.

Kwa hiyo jibu langu haliwezi kuwa moja. Bei ya shaba ikianguka mwaka huu, natarajia migodi mikubwa irudi kazini ndani ya miaka miwili, na pato la taifa liwahi kidogo kuliko hapo. Natarajia hivyo ingawa umeme bado unatukwamisha: njia iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuleta umeme wa bwawa la Inga hadi Katanga, zaidi ya kilomita 1,700, haitoshi tena, na makampuni hununua umeme wa Zambia au kuwasha jenereta za dizeli. Kwa watu wa komini kama Katuba na Ruashi natarajia miaka mitano au sita, kwa sababu sijaona bado mfuko wowote wa kumvusha fundi katika miezi ile ya kwanza. Kwa Goma na Bukavu siwezi hata kuanza kuhesabu kabla benki hazijafunguliwa na ndege hazijatua, na hapo ndipo hesabu itakapoanza, si kumalizika.

Reli ya Benguela inanipa kipimo. Ilifungwa mwaka 1975, ikajengwa upya upande wa Angola baada ya vita, na ni Machi 2018 ndipo shehena ya madini kutoka Katanga ilipofika tena Lobito kwa njia hiyo. Ni miaka 43. Upande wetu, kati ya Dilolo na Kolwezi, treni bado hupita polepole mno kwa sababu ya reli zilizochakaa.